Nyanya Amesahau, au Hajaulizwa Vizuri?

Katika kipimo kimoja kifupi cha kumbukumbu kinachotumiwa kwa wazee wa nchi nyingi kuna agizo hili: onyesha dirisha kwanza, kisha onyesha mlango. Ni agizo dogo. Anayelifuata kwa mpangilio huo anapata alama yake. Anayeanza na mlango, au anayekodoa macho tu, anaikosa. Sasa lipeleke agizo hilo Soweto West, Kibera, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za udongo, paa la mabati, taa inawaka saa sita mchana kwa kuwa mwanga mwingine haupo. Nyanya aliyeketi kitandani anageuza shingo huku na huku. Anautazama ukuta, anamtazama mgeni, anacheka. Mgeni anaandika sifuri.

Nyanya huyo nimemtunga, ila chumba chake kipo, tena vipo vingi. Nimeanzia humo kwa makusudi, maana makala haya ni ya mtu anayeishi na mzee Kibera, Kawangware au mtaa wowote wa aina hiyo, ambaye ameanza kujiuliza kama kusahau kwa mzee wake ni uzee tu au ni jambo la kupelekwa hospitali. Msimamo wangu nautoa mapema: katika mitaa yetu kipimo cha kwanza ni wewe unayeshinda naye. Karatasi na mashine huja baadaye, na vikija bila wewe hudanganya.

Jina la jambo lenyewe

Demensia ni neno kama homa: linataja hali, halitaji chanzo. Mtu akifika kliniki na homa, daktari hutafuta kama ni malaria, taifodi au kidonda kilichooza. Demensia nayo ni hivyo. Kumbukumbu, maneno, uamuzi na uwezo wa kujitunza hupungua polepole hadi mtu anashindwa na shughuli alizozizoea, na nyuma yake huwa kuna ugonjwa wa ubongo unaosababisha hayo. Unaoongoza ni Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema huenda ukawa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa. Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyesimulia mbele ya wenzake mwaka 1906 kisa cha mwanamke wa Frankfurt aliyeanza kusahau na kumshuku mumewe akiwa na miaka hamsini na kitu. Aina nyingine kubwa hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka. Hiyo ni ndugu ya kiharusi, na mtaani ambako presha haipimwi mpaka mtu aanguke, si mgeni.

WHO inakadiria kuwa watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kundi moja la kimataifa la watafiti lilijiita 10/66 kwa sababu hiyohiyo: wakati linaundwa, thuluthi mbili ya wagonjwa, yaani asilimia 66, walikuwa katika nchi zinazoendelea, huku utafiti uliofanywa huko ukiwa chini ya asilimia 10. Takwimu za karibu nasi zilitoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 wakakadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Ni kama kusema, katika wazee kumi na sita wanaotoka msikitini Makina, Kibera, au kanisani Kawangware, mmoja.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takribani milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe, kisha ujiulize ni wangapi umewahi kusikia wakitajwa kwa jina la ugonjwa. Sisi huwa tuna maneno mengine: uzee umemzidi, amerudi utotoni, akili imehama. Na lile baya zaidi, nitalifikia.

Kalamu, saa na njiti za kibiriti

Vipimo vya karatasi vilivyoenea zaidi vilitungwa kwa watu waliosoma. Kile cha mwaka 1975 kutoka Marekani, kinachoitwa MMSE, kina alama 30, kinamtaka mtu aanze na 100 atoe 7, atoe tena 7, aendelee hivyo, aandike sentensi, anakili maumbo mawili ya pembe tano yaliyopandana. Kingine, MoCA, cha mwaka 2005, kinamtaka achore uso wa saa na mishale yake. Mpe kazi hiyo mama aliyekuja Nairobi kutoka Siaya au Vihiga akiwa msichana, akafua nguo za watu miaka arobaini, na ambaye kalamu aliishika siku ya kuweka sahihi ya kitambulisho tu, tena akaishia kutia kidole gumba. Atashindwa. Angeshindwa pia akiwa na miaka thelathini.

Hata maswali ya mdomo yana mitego yake. Muulize ni saa ngapi asubuhi atakwambia saa tatu, na mpimaji anayesoma fomu ya Kiingereza ataona tisa kwenye simu yake na kuandika kuwa mzee amekosea. Muulize alizaliwa mwaka gani: ule wa kwenye kitambulisho ulikadiriwa na karani. Heri umuulize alikuwa na umri gani Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, au kama alikuwa ameolewa tulipopata Uhuru. Tarehe ya leo? Mtu asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi wala mtoto wa shule hahesabu tarehe. Lakini Ijumaa anaijua kwa adhana na Jumapili anaijua kwa ngoma za Waakorino.

Watafiti wa Afrika waliliona hilo zamani. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, kilishirikiana na wenzao wa Indianapolis, Marekani, kulinganisha wazee Wayoruba na Wamarekani Weusi, na kwa kazi hiyo kikatumika kipimo kipya kisichomdai mtu kusoma wala kuandika. Upya wake mkubwa ulikuwa kwamba nusu yake haimuulizi mzee. Inamuuliza mtu anayeishi naye. Ufupisho wa kipimo hicho ndio wenye lile agizo la dirisha, pamoja na maswali mepesi kama nyundo ni ya kazi gani, soko la karibu liko wapi, na hiki kinaitwaje, huku mpimaji akigusa kiwiko chake. Kwa soko hakuna shida: Kibera atakwambia Toi hata kabla hujamaliza kuuliza. Tatizo ni dirisha.

Ibadan ndiko pia kulikotoka wazo la njiti za kibiriti. Badala ya kumpa mzee kalamu, mpe kitu ambacho mikono yake inakijua. Mpimaji anamimina njiti nne kwenye meza au kwenye kigoda, anazipanga umbo fulani mbele ya macho ya mzee, kisha anampa zake nne: nipangie kama hizi. Si mchezo wa watoto. Vichwa vya njiti navyo hutazamwa vimeelekea wapi, kwa hiyo haitoshi kupata umbo. Lazima uone, ushike akilini, uamuru vidole. Mzee mzima wa akili asiyejua hata herufi moja huipanga akipiga soga. Mwenye demensia, hata kama alikuwa mwalimu, huzigusa, huzisukuma, hurundika mbili upande mmoja, kisha hukuangalia usoni atafute jibu huko.

Jaribio la njiti liliingizwa katika kipimo kinachoitwa IDEA, kilichoundwa na kujaribiwa Hai na Nigeria na kuchapishwa mwaka 2014. Jumla yake ni alama 15. Mzee hukumbuka maneno kumi aliyosomewa muda mfupi uliopita, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hupanga njiti. Mtu asiye daktari anaweza kufundishwa kukitumia, na hilo ndilo muhimu kwetu, maana madaktari wa wazee nchini ni wachache mno. Hapa Kenya, Africa Mental Health Research and Training Foundation, iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei, imefanya kazi Makueni kuona kama wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kuwatambua wazee wenye dalili nyumbani kwao. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kina taasisi ya ubongo na akili jijini Nairobi, na demensia ni moja ya shughuli zake.

Utasikia pia habari za kipimo cha damu. Ni kweli: Mei 2025 Marekani iliidhinisha cha kwanza, kinachosaka alama za Alzheimer katika damu ya mtu wa miaka 55 na zaidi ambaye tayari ana dalili. Ni hatua kubwa. Lakini takwimu nyingi za vipimo hivyo zilitoka kwa Wazungu, na hakuna mtu wa Gatwekera anayepaswa kuuza shamba la nyumbani ili akitafute. Njiti nne bado zina kazi.

Unachokiona wewe ambacho daktari hakioni

Swali moja linabeba mengine yote: ni nini alichokuwa akikifanya mwaka jana ambacho sasa kinamshinda?

Angalia kazi yake. Mama aliyekaanga mandazi miaka ishirini, ambaye alipima unga kwa macho, sasa anatia chumvi mara mbili, au anasimama mbele ya karai la mafuta yanayofuka moshi hajui kinachofuata. Mweka hazina wa chama ambaye daftari lake halikuwahi kupishana shilingi, sasa anawadai wanachama waliokwisha kulipa. Mzee aliyekuwa akiswali bila kusitasita anauliza amefika rakaa ya ngapi, na kesho anauliza tena, na keshokutwa. Anayechota maji anaacha mtungi bombani na kurudi mikono mitupu, kisha analalamika ameibiwa. Hiyo tuhuma ya wizi itie akilini, kwani ni miongoni mwa dalili zinazovunja nyumba mapema: mzee huficha pesa, husahau alikozificha, na wa kwanza kushukiwa ni mkaza mwana anayempikia.

Sikiliza pia maneno. Kutafuta jina la mtu na kulipata jioni ukiwa umelala ni kwetu sote. Kusimulia kisa kilekile mara tatu katika kikombe kimoja cha chai, kila mara kama kipya, ni jambo jingine. Tabia nazo hubadilika: mkimya anatukana, mchangamfu anajifungia, mpole wa kanisani anavua nguo mbele za watu. Ndugu wengi husema hilo ndilo lililowafanya washtuke, na kusahau wakakukumbuka baadaye kwamba kulitangulia.

Sasa tahadhari inayohusu Kibera hasa. Mzee kupotea njia ni dalili inayotajwa kila mahali, lakini mtaani kwetu njia zenyewe hupotea. Julai 2018 nyumba, shule na makanisa vilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, serikali ilibomoa nyumba zilizo kando ya mito. Soweto East kumejengwa maghorofa. Mtu aliyekuwa akigeukia kulia kwenye kioski cha makaa hawezi kugeukia kioski ambacho hakipo. Kama amepotea wiki moja baada ya tingatinga kupita, mpe muda. Kama anapotea akitoka chooni kwa plot kurudi mlango aliotoka, hiyo ni habari nyingine.

Kabla hujasema ni demensia

Mambo mengi huiga ugonjwa huu, na baadhi yake hutibika. Hii ndiyo sababu kuu ya kwenda kliniki mapema. Kama dawa za kuponya Alzheimer zingekuwa ndiyo sababu pekee, tungekaa nyumbani, kwa kuwa hazijapatikana.

Kwanza, haraka ya mabadiliko. Demensia kwa kawaida huingia kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anapayapaya, analala mchana kutwa, au anaona watu wasiokuwepo, ana dharura: huenda ni maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, kukaukiwa maji, sukari iliyoshuka. Mdomo ukipinda upande, mkono ukilegea au maneno yakigongana, ni kiharusi. Usingoje asubuhi, usingoje mchango. Na kama alianguka wiki chache zilizopita akagonga kichwa, hata bila jeraha, mwambie daktari, maana damu huweza kuvilia polepole ndani ya fuvu la mzee na kuonekana kama usahaulifu.

Pili, dawa. Piriton, kile kidonge cha mafua kinachouzwa hadi kwenye duka la M-Pesa la jirani, humchanganya mzee anapokitumia kila siku ili alale. Vivyo hivyo na baadhi ya dawa za usingizi. Beba kila kitu anachokimeza, pamoja na vya mitishamba, ndani ya mfuko mmoja wa karatasi, ukimwage mbele ya mhudumu. Ni aibu ya dakika moja.

Kisha kuna yale ambayo hatupendi kuyataja mbele ya wazee wetu. Pombe: anayekunywa chang'aa miaka mingi bila kula vizuri hukosa vitamini B1 na kumbukumbu huharibika, akiwahiwa husaidika. Virusi vya UKIMWI na kaswende hufika kwenye ubongo, na hakuna sheria inayosema mtu wa miaka 68 hapimwi. Huzuni: mjane aliyezika wana wawili huweza kuonekana hana kumbukumbu, kumbe hana hamu ya kujibu. Upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingo inayofanya kazi kivivu navyo hupimwa kwa damu. Na masikio! Mzee asiyesikia swali hatalijibu, na nta iliyoziba sikio hutolewa kwa maji vuguvugu kliniki. Nani ajuaye ni wangapi wameitwa wasahaulifu kwa sababu ya nta.

Safari ya kliniki

Anzia kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Serikali iliwazindua wapatao 100,000 nchini Septemba 2023, na katika vifaa walivyopewa mna mashine ya presha na ya kupima sukari. Vipimo hivyo viwili peke yake vinafaa kwa mzee yeyote, awe anasahau au hasahau. Kutoka hapo mwende kituo cha afya: Kibera South, ambacho Médecins Sans Frontières walikiendesha kabla ya kukikabidhi kwa serikali ya kaunti mwaka 2017, au Riruta kwa wa Kawangware. Hao ndio wanaoandika barua ya kwenda hospitali ya Mbagathi au Kenyatta inapohitajika. Hakikisha mzee amesajiliwa katika bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na kama ana miaka 70 na zaidi, muulize chifu kuhusu Inua Jamii, posho ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Aliyeanza kusahau anahitaji mtu wa kumfuatia hizo pesa, na achaguliwe mapema, mzee angali anaweza kusema anamwamini nani.

Ukifika, omba kuzungumza na mhudumu kando kwa dakika tano. Mbele ya mzee utameza maneno, na yeye atakana, tena kwa ufasaha. Wagonjwa wengi wa mwanzo hujikaza mbele ya daktari hata ukadhani ulikuja bure. Mwambie ilianza lini, jambo gani lilikuwa la kwanza, limeenda likizidi au lilikuja ghafla, na ni lugha gani mzee anaota nayo. Hili la lugha ni muhimu kuliko linavyoonekana. Demensia huelekea kuanza na vya karibuni na kuacha vya kale, na Kiswahili kwa wengi wao ni cha pili. Anayeonekana kapotea kwa Kiswahili huenda akataja wanyama ishirini kwa Dholuo, au kwa Kinubi kama ni mzaliwa wa Makina. Mwombe mhudumu ajaribu, au ukubali kutafsiri, ila usimsaidie jibu. Najua ilivyo vigumu. Mdomo wako utawasha.

Jambo jingine: alama ndogo katika kipimo haimaanishi ana demensia. Kipimo kifupi ni chujio, kinaonyesha nani atazamwe zaidi. Ukiambiwa kwa dakika kumi kwamba mama yako "ana Alzheimer" bila kupimwa damu, presha, macho wala masikio, na bila wewe kuulizwa lolote, omba aonwe na mwingine.

Watafiti wakibisha hodi

Soweto West na Gatwekera si wageni wa madodoso. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walifuatilia maradhi ya kuambukiza humo, wahojaji wakipita mlango kwa mlango kuuliza kuhusu kikohozi, homa na kuhara, na wagonjwa wakitibiwa Tabitha, kliniki ya Carolina for Kibera iliyopewa jina la muuguzi Tabitha Atieno Festo aliyeianzisha kwa mtaji mdogo wa kuuza mboga. Watu wa huko wanaweza kuwafundisha wengine namna ya kuulizwa maswali. Pia wamechoka, na wana haki ya kuchoka: wengi wamewahi kuhojiwa na mtu ambaye hakurudi.

Utafiti wa kumbukumbu ukija, usiufukuze, kwa sababu bila wazee wetu ndani yake vipimo vitaendelea kuuliza madirisha. Lakini uliza. Kibali cha tume ya sayansi, NACOSTI, na cha kamati ya maadili viko wapi? Matokeo ya mzee wangu nitapewa, na akionekana ana shida mtampeleka wapi? Data itakaa wapi? Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019. Mzee aelezwe yeye mwenyewe, kwa lugha yake, na akisema hataki, hata kama kesho atasahau kwamba alikataa, amekataa. Na wewe mtafiti unayesoma hapa: kipimo chako kijaribu kwanza ndani ya chumba, usikijaribu ukumbini. Ukibadilisha dirisha kuwa jiko, umetengeneza kipimo kingine, kinachopaswa kuthibitishwa upya kabla hakijamtia mtu jina.

Uchawi

Oktoba 2021, Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowaita wachawi. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hiyohiyo kwa miaka mingi. Sitasema waliouawa walikuwa na demensia. Nasema hivi: mtu anayetembea usiku bila kujua aendako, anayeongea peke yake, anayeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake, anayeonekana uchi alfajiri, ana dalili za ugonjwa zinazoandikwa katika vitabu vya tiba, na ndizo zilezile zinazosemwa mtaani kuwa ni za mchawi. Walioangalia suala hili Makueni walikuta laana na uchawi vikitajwa kama sababu. Nairobi hatuui sana. Huwa tunampandisha mzee basi la usiku arudi ushago, na huko ndiko kwenye hatari.

Kwa hiyo majirani waambiwe. Mwenye nyumba, mama mboga wa mlangoni, kijana wa bodaboda, imamu au mchungaji: "Mama ana ugonjwa wa kusahau. Mkimwona anapita, mshikeni mkono, mnipigie." Shona namba ya simu ndani ya leso au koti lake. Weka jiko na mafuta ya taa mbali naye. Usibishane naye kuhusu mume aliyefariki anayemngoja kwa chakula. Ukimwambia kila siku kwamba amekufa, kila siku unamfiwisha upya. Muulize alikuwa mtu wa namna gani. Kazi za mikono zimwachie zinazowezekana: kuchambua mchele, kukunja nguo, kusuka. Dawa za kutuliza wenye vurugu zina hatari kwa wazee wenye demensia, hata ya kifo. Zisitumike bila daktari anayefuatilia. Na anayetunza apumzishwe. Mara nyingi ni binti mmoja, huku ndugu wa kiume wakituma ushauri kwa WhatsApp. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya lina vikundi vya watunzaji, litafute.

Kwa ambaye hajaugua: jopo la jarida la Lancet lilihesabu mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vinahusiana na mambo yanayoweza kurekebishwa. Yamo presha, kisukari, sigara, pombe, upweke, masikio na macho yasiyotibiwa, moshi katika hewa, na kukosa shule utotoni. Ukiyasoma unaona kama yameandikwa mtu akiwa amesimama relini, akiitazama Kibera.

Leo jioni tafuta daftari kuukuu la mtoto. Andika tarehe, kisha jambo moja ambalo mzee wako alikuwa akilifanya mwaka jana na sasa linamshinda. Rudi uandike tena baada ya mwezi. Ukienda kliniki, libebe.